Msimlaumu fundi, gari limekuwa kompyuta

Jamani, kuna msemo unaoniudhi sana huku Kitale: eti mafundi wa jua kali siku hizi hawajui kazi. Mimi nasema gari ndilo lililobadilika.

Chukueni Peugeot 504. Ilitoka Ufaransa mwaka 1968, ikaunganishwa Mombasa, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Station wagon yake ilikuwa na springi nne nyuma, ndiyo maana ilibeba watu na magunia bila kulia. Ikikataa kuwaka, fundi alifungua boneti, akasikiliza, akasafisha kabureta, safari ikaendelea.

Halafu watengenezaji wakaanza kuipa kompyuta kazi ya kupima petroli na kuwasha plagi, hasa baada ya sheria za kupunguza moshi. Tangu 1996 kila gari dogo jipya linalouzwa Marekani lazima liwe na soketi ya kusomea hitilafu.

Sasa nipeleke Bungoma. Gari la mjomba wangu lilitetemeka kama lina malaria. Fundi akabadilisha plagi zote nne, kisha pampu ya petroli. Pesa zikaenda, malaria ikabaki. Nikaja na kifaa kidogo cha Bluetooth, nikachomeka, simu ikaonyesha P0303, yaani silinda ya tatu haiwaki sawasawa. Nikamwomba fundi abadilishane koili ya tatu na ya pili. Tukafuta namba, tukawasha tena: P0302. Ugonjwa umehama na koili! Fundi alielewa kabla sijamaliza kueleza. (Hivyo ndivyo tunavyowinda makosa kwenye programu pia.)

Huyo si mjinga. Alikuwa amenyimwa habari tu.

Namba zinazoanza na P0 ni za wote. Zinazoanza na P1 kila kampuni hujipangia, na maelezo yake mara nyingi huuzwa ghali. Mwaka 2012 wapiga kura wa Massachusetts walipitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wawape mafundi wa kawaida habari zile zile wanazowapa mawakala wao. Kenya nayo idai hivyo, maana sisi ndio tunaobaki na magari haya yakizeeka.

Wakati tukingoja, nimeanza kuandika programu ya simu ya kueleza namba hizo kwa Kiswahili. Nilimwonyesha fundi P0301 hadi P0304, nilipoandika "mwako hafifu". Akacheka sana. "Andika inamisi," akasema.