Mkana Mungu si Mpagani



Kijana amerudi likizo, anakuambia yeye ni mkana Mungu. Unakimbilia kwa jirani: “Mwanangu amekuwa mpagani!”

La, mama. Hapa Tabora neno hilo lina historia yake. Wazee wetu Wanyamwezi, waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, waliitwa wapagani na wamisionari, ingawa walimjua Muumba na kumwita Likube. Walikuwa hawajabatizwa, basi.

Mkana Mungu ni mtu mwingine. Yeye husema hakuna Mungu kabisa, si wa kanisani, si wa msikitini, si wa mababu. Anayesema hajui kama yupo bado hajamkana. Wala aliyechoka na michango na mahubiri marefu hajamkana (hao tunao hata kwenye viti vya mbele!).

Wenzetu wa Kenya wanao wazi wazi: mwaka 2016 wakana Mungu waliandikisha chama chao, na sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 750,000 wasio na dini, wakiwamo hao. Kwetu sensa haijauliza dini tangu 1967, lakini Katiba, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani, na mwanao yumo.

Kwa hiyo kabla ya kumwita mchungaji, mtilie chai, umwulize kwa upole: “Mwanangu, humwamini Mungu, au umekasirishwa na sisi watu wa kanisa?” Akisema ni la kwanza, msikilize mpaka amalize, na sahani yake ya ugali ibaki mezani.