Mtoto Aandikwe Jina Lake Kamili

Wako wazazi katika Mji wa Kale wa Mombasa ambao humwandikisha mtoto kwa jina la kubembelezea, yaani lile jina fupi ambalo watu wa nyumbani humwitia angali mkononi, wakaliacha jina kamili ambalo hilo fupi limetokana nalo. Na hivyo huyu akawa Mudi katika cheti cha kuzaliwa badala ya Muhammad, yule akawa Tima badala ya Fatma, na mwingine Dula badala ya Abdalla. Wafanyao hivyo si watu wasioijali dini yao wala ukoo wao. Husema kwamba jina kamili halitatumika, kwa kuwa mama ataita Tima, shangazi ataita Tima, na majirani wa mtaa mzima watafuata, basi kuna haja gani ya kumwandika mtoto jina ambalo hapana atakayemwita? Hoja hiyo ina uzito wake, nayo yastahili kujibiwa kwa dalili wala si kwa kukemewa.

Inafaa kukumbusha kwamba Mswahili wa pwani hakuona ajabu mtu kuwa na majina mawili, kwa sababu desturi yenyewe ilimpa mtoto majina hayo kwa nyakati mbalimbali. La kwanza ni jina la utotoni, ambalo mtoto alipewa mara azaliwapo na mkunga au na mzee wa kike wa nyumba, na aghalabu lilitokana na umbo lake, siku aliyozaliwa au hali iliyokuwako nyumbani siku hiyo. La pili ni jina la ukubwani, lililotolewa na wazazi au na babu na bibi wa kuumeni, yaani wa upande wa baba, baada ya watu kushauriana. Likatajwa siku ya akika, ambayo ni siku ya saba mtoto anyolewapo na mbuzi akachinjwa, au likangoja hadi arubaini, mama atokapo katika uzazi. Majina hayo hayakugombana. Kila moja lilikuwa na watu wake na wakati wake, na mtoto alikua akiyajua yote mawili bila ya mtu yeyote kumtaka achague.

Tena jina la nyumbani halikuwa la mapenzi peke yake, bali mara nyingi lilikuwa la adabu. Ni jambo la kawaida hadi leo, kuanzia Kibokoni hadi Kuze, mtoto wa kiume kupewa jina la babu yake na wa kike kupewa la bibi yake, akawa ni somo wa mzee huyo, maana yake mwenzake wa jina. Sasa mama wa mtoto ni mkwe wa mzee huyo, na mkwe mwenye malezi hatamki jina la baba mkwe wake ovyoovyo, seuze kulipaza dirishani akimwita kijana aliyetoroka kwenda kucheza mpira, au kulitia ndani ya karipio la maziwa yaliyomwagika. Basi mtoto aliyepewa jina Salim akaitwa Babu, na binti aliyepewa jina Khadija akaitwa Bibi au Mama, na mkwe akaweza kumgombeza mwanawe kwa sauti atakayo bila ya kumvunjia heshima mzee aliyekaa barazani. Atakayesema kwamba majina ya nyumbani ni upuuzi wa kisasa hajakaa katika nyumba za Waswahili akasikiliza.

Lakini mambo haya yalisimama kwa sababu nyuma ya Babu palikuwa na Salim, na Salim huyo hakupotea. Faida yake huonekana katika jina la mwanazuoni Ali Al'amin Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933. Ali ni jina lake mwenyewe. Al'amin ni la baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyepata kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na aliyetoa magazeti ya Sahifa na Al-Islah mjini Mombasa katika miaka ya 1930. Na Mazrui ni nisba, nayo ni sehemu ya jina imtajayo mtu kwa ukoo wake au mji wake. Asomaye majina hayo pamoja na la baba wa Sheikh Al-Amin, ambaye naye alikuwa Sheikh Ali, hutambua mara moja kwamba mjukuu alikuwa somo wa babu yake. Jina hilo lilikwenda naye hadi vyuo vikuu vya Makerere, Michigan na Binghamton, na alipofariki mwaka 2014 likarejea naye hadi makaburi ya Wamazrui yaliyo karibu na Ngome ya Yesu, na kila mzee wa mji aliweza kulisoma na kujua ni mwana wa nani na mjukuu wa nani. Aliitwaje na mama yake alipokuwa mdogo ni jambo la waliomlea.

Mpango huo wa majina mawili umevurugwa na wakati. Kenya ina Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, ambayo ni Sura ya 149 ya sheria za nchi na asili yake ni ya mwaka 1928, nayo huhesabu kizazi kilichoandikishwa baada ya miezi sita kuwa kimechelewa. Muda huo ungetosha akika na arubaini na mashauri ya jamaa wote walioko Lamu na Maskati. Tatizo ni kwamba siku hizi watoto wengi huzaliwa hospitalini, na karatasi ya taarifa ya kuzaliwa hujazwa hapohapo kabla ya mama kuruhusiwa kwenda zake, pengine siku ya pili tu, ilhali siku ya saba haijafika, babu hajaulizwa, na mzazi mwenyewe amechoka. Karani huuliza, mtoto anaitwa nani? Mama hujibu lile lililo mdomoni, na lililo mdomoni siku ya pili ni jina la kubembelezea. Kwa namna hiyo jina la utotoni, ambalo desturi ilikusudia lipite, limepewa daraja la jina la ukubwani, na hapana aliyekaa akaamua iwe hivyo.

Ndipo matokeo huja kidogo kidogo. Nambari ya cheti cha kuzaliwa hutakiwa mtoto anapoingizwa katika mtambo wa taarifa za wanafunzi wa wizara ya elimu. Jina lililo katika cheti hicho ndilo la kufanyia mitihani ya taifa. Na cheti hicho ndicho cha kuombea kitambulisho afikapo miaka 18 na baadaye pasipoti. Ikiwa katika njia hiyo mwenye cheti aliamua kurudi kwenye jina la heshima, mathalani kijana akaoa kwa jina Abdalla kwa kuwa sheikh alimwozesha kwa jina hilo, huku vyeti vyake vyote vikisema Dula, itambidi aende kwa wakili kula kiapo kwamba Abdalla na Dula ni mtu mmoja, na kiapo hicho akiambatishe kila aendako. Mwenye kutafuta kazi Dubai au Maskati hupata usumbufu zaidi, maana huko jina huandikwa pia kwa herufi za Kiarabu, na Mudi kwa herufi hizo hafanani na Muhammad hata kidogo. Na katika mirathi, ambayo kwa Waislamu husikilizwa na mahakama ya Kadhi kwa mujibu wa kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, warithi ambao majina yao hayalingani na ya nyaraka za marehemu huenda wakashinda miezi wakithibitisha jambo ambalo mtaa mzima unalijua.

Wengine watajibu kwamba dini haikatazi majina mafupi, nao wanasema kweli. Wanazuoni hutenga majina ya namna tatu. La kwanza ni ism, ambalo ni jina lenyewe. La pili ni kunia, ambalo ni jina la kumwita mtu kwa mwanawe, kama Abu fulani au Ummu fulani. La tatu ni lakabu, ambalo ni jina la sifa au la kupanga. Mtume mwenyewe amepokewa akimwita mkewe Aisha kwa kumkatia jina, akamwita Aish, na jambo hilo wanasarufi wa Kiarabu wana istilahi yake, tarkhimu, yaani kuondoa mwisho wa jina wakati wa kuita. Kinachokatazwa, katika aya ya 11 ya Suratul Hujurat, ni kuitana kwa majina ya kejeli. Hapana budi vilevile kutahadhari na majina yanayoanza kwa Abdu, kwani anayemkatia Abdulrahman akamwandika Rahman amempa mtoto sifa ya Mwenyezi Mungu na akamwondolea utumwa wake. Nyumbani ulimi ukiteleza huonywa na mzee. Katika cheti kosa hilo halina wa kulionya. Na aliye na shaka kwamba lakabu yaweza kulimeza jina na amtazame sahaba Abu Huraira, aliyejulikana kwa kipaka chake hata wanavyuoni wakahitilafiana sana juu ya jina lake halisi.

Hapa ndipo penye jibu la wale wasemao kwamba jina kamili halitatumika. Jina la nyumbani halihitaji daftari ili liishi. Mwimbaji wa Unguja aliyefariki mwaka 2013 alikuwa Fatuma binti Baraka, lakini dunia nzima ilimjua kwa jina la Bi Kidude. Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, alikuwa Mnyazi kabla ya kuitwa kwa jina la mwanawe Katilili. Siti binti Saad, naye pia mwimbaji wa Unguja, alizaliwa akaitwa Mtumwa, na lile Siti lilimjia mjini baada ya sauti yake kusikika. Majina hayo yote yalidumu kwa vinywa vya watu. Kinyume chake, jina kamili lisipoandikwa halina pa kukaa: wakifa bibi na babu waliolichagua, huwa limekwisha. Kwa hiyo mzazi anayelipenda jina fupi hana sababu ya kulihofia, kwa kuwa atalitumia kila siku na mtoto atalijibu. Linalohitaji wino ni lile jingine.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba jina kamili maana yake ni jina la Kiarabu. Uko ujinga wa namna nyingine, wa kumwona mtoto aitwaye Mwanaisha, Mwanahamisi, Juma au Esha kuwa ana jina la kukatwakatwa linalohitaji kusahihishwa, ilhali haya ni majina ya Kiswahili yaliyokamilika, na mji huu wa Mombasa katika mapokeo yake humtaja Mwana Mkisi kuwa malkia wake wa kale. Mzazi amtakaye binti yake awe Esha kwa sababu bibi yake alikuwa Esha, na aandike Esha, wala asikubali karani ambadilishie. Kipimo ni kama jina hilo lilichaguliwa kwa mtu mzima atakayekuja, au lilidondoka tu katika kubembeleza.

Basi inawapasa wazazi wakubaliane mapema, kabla ya miezi ya mwisho ya mimba, wakiwahusisha wazee wa kuumeni na wa kukeni; na wakishakubaliana waliandike jina kwa herufi zake zote katika kipande cha karatasi kitakachotiwa ndani ya mkoba pamoja na nguo za mtoto, maana Muhammad, Mohamed na Mohammed ni watu watatu mbele ya mashine, na Swaleh na Saleh ni wawili. Wakiwa hawajaafikiana siku ya kutoka hospitalini, wamwambie karani hivyo. Sheria hiyo ya Sura ya 149 humruhusu mzazi au mlezi, katika miaka miwili tangu kuandikishwa, kuandikisha jina la mtoto aliyeandikwa bila jina au kubadili aliloandikwa, kwa ada na maombi kwa msajili. Muda huo ukipita, mlango uliobaki ni hati ya kiapo ya kubadili jina na tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, na gharama yake huenda ikamwangukia mtoto mwenyewe atakapokuwa mtu mzima.