Filta ya Mashua na Amana ya Ndugu



Swali la wiki hii limetufikia kutoka mbali na bahari. Dada yetu mzaliwa wa Lamu, aliyeolewa Ruiri huko Meru, anaeleza kwamba yeye na nduguze wamerithi mashua ya injini ya dizeli inayobeba abiria kati ya Mokowe na Faza. Kaka yao mkubwa ndiye nahodha. Kila mwezi kaka huyo hukata fedha za filta kabla ya kugawa pato, na dada, asiyeiona mashua wala injini, ameingiwa na shaka. Anauliza: je, filta hizo ni za kweli? Na je, ni haki gharama yake ipunguze fungu lake?

Tuanze na injini, kwani wanazuoni wametufundisha kuwa hukumu ya jambo hufuata kulielewa.

Adui wa injini ya dizeli baharini ni maji. Huingia tangini kwa njia nyingi: kwa kifuniko ambacho mpira wake umechakaa, kwa madumu yaliyojazwa bila uangalifu, na kwa unyevu wa hewa unaogeuka matone ndani ya tangi lililoachwa nusu tupu usiku kucha. Maji ni mazito kuliko dizeli, basi hutuama chini. Mahali yanapokutana na mafuta huota vijidudu, vikafanya utando mweusi unaoteleza. Chombo kikipigwa na mawimbi, uchafu wote huo hutibuka na kufuata mrija hadi kwenye pampu na nozeli, ambazo kwa maji hupata kutu na kuharibika.

Kwa hiyo mashua huwekewa vichujio viwili. Cha kwanza hukaa baina ya tangi na pampu. Hicho ndicho kitenga-maji: chini yake kina kikombe ambamo maji hujikusanya, na kizibo cha kuyamwaga. Cha pili hukaa kwenye injini yenyewe, nacho ni chembamba zaidi. Wembamba hupimwa kwa maikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Cha kwanza aghalabu huwa cha maikroni 10 au 30, na cha pili huwa cha maikroni chache tu. Anayeweka chembamba mno mwanzoni hukiziba upesi, na injini ikakosa mafuta. Vilevile kichujio kiwe na uwezo wa kupitisha mafuta yote ambayo pampu ya injini huyavuta. Kidogo kilichotolewa kwenye gari, kwa kuwa tu kimeingia kwenye nyuzi zake, hakifai. Na kwa wenye injini ya petroli ndani ya chombo, kikombe cha plastiki tupu kisichokingwa na moto ni hatari. Watafute cha chuma.

Sasa hesabu. Muda wa kubadilisha hupimwa kwa saa za injini, na neno la mwisho ni la kitabu cha injini hiyo. Tuseme kitabu kimetaja saa 100. Mashua inayotembea saa 5 kwa siku huzimaliza kwa siku 20 za kazi. Ile ya mvuvi inayowashwa saa 2 tu huchukua siku 50. Kwa mashua ya abiria, basi, filta ya kila mwezi si ajabu. Dada asiulize "kwa nini kila mwezi?" Aulize "injini imefanya kazi saa ngapi?"

Kazi yenyewe si ndefu. Injini huzimwa na kuachwa ipoe, sigara huwekwa mbali, na koki ya tangi hufungwa. Maji humwagwa kwenye chupa, si baharini. Filta kuukuu hutolewa pamoja na mpira wake. Mpira huo ukibaki ukawekewa mwingine juu yake, mafuta huvuja au hewa huingia. Mpira mpya hupakwa dizeli safi, filta hukazwa kwa mkono kama maelezo yake yasemavyo, kisha hewa hutolewa kwa pampu ya mkono. Injini huwashwa ikiwa bado gatini, ikaachwa ingurume dakika kumi na tano, ndipo abiria wapande. Kwenye shamba la Ruiri, mashine ya maji ikizima, mkulima hukosa maji ya asubuhi moja. Mashua ikizima wakati wa kusi, yenye kina mama na watoto, mkondo huisukuma miambani.

Lakini kila chupa ikitoka na maji mengi, filta haina lawama, na kuibadilisha peke yake ni kupoteza mali. Yachunguzwe mafuta yanakotoka, kifuniko na tangi. Tangi lijazwe jioni, dumu liachwe litulie, na masalia ya chini yasimiminwe. Ijulikane pia kwamba kitenga-maji hakitengi mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia uchanganyaji huo. Dawa yake ni kununua kwa muuzaji mwaminifu.

Ama haki, gharama ya kuhifadhi mali ya shirika ni ya washirika wote kwa kadiri ya mafungu yao, na hutolewa kabla ya faida kugawanywa. Kaka ni mwenye kushika amana. Hadhamini hasara isipokuwa amezembea au amevuka mpaka. Hata hivyo, amana haikatazi daftari. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetuhimiza kuandikiana madeni, na ndugu hawapungukiwi na heshima kwa kuandikiana matumizi. Kaka aandike juu ya filta mpya tarehe na saa za injini, ahifadhi risiti, na amtumie dada picha ya filta kuukuu pamoja na chupa ya maji yaliyotoka. Dada naye aulize kwa upole, kwani anayemuuliza ndiye anayeamka alfajiri kuwavusha watu kwa niaba yao wote.

Wallahu a'lam.