Ukili, Hesabu na Jina la Msusi

Jioni moja ya juma lililopita, tulipokuwa tumeketi mkekani huku Raskazone, Tanga, upepo wa bahari ukivuma na taa za bandari zikianza kuwaka upande wa mjini, kijana mmoja wa mtaani alitufungulia kompyuta yake akatuonyesha picha ambazo hakuzichora kwa kalamu wala brashi, bali aliandika amri chache akaiachia mashine izitende mara elfu, na kila mara mistari na rangi zikahitilafiana kidogo. Mzee mmoja alisema papo hapo kwamba hiyo si sanaa, maana mkono wa mtu haumo. Namstahi kwa umri wake, walakini sikuafikiana naye, na hoja yangu tulikuwa tumeikalia.

Mwanamke asukaye ukili wa mkeka hakurupuki. Huchana ukindu, huupika katika rangi, kisha chane huzipitisha juu na chini kwa hesabu aliyoirithi kwa wakubwa wake, na akikosea chane moja ua zima hupotoka. Hesabu hiyo ni amri zifuatanazo kwa taratibu, na amri za namna hiyo ndizo ziitwazo algoriti, neno litokanalo na jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa hisabati aliyekuwa Baghdad katika karne ya 9. Washairi wetu nao wamefungwa kwa kanuni: Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, alikaa ndani ya mizani nane kwa beti zipatazo 3,000 katika Utenzi wa Vita vya Uhuru, na sijapata kusikia mtu akidai kwamba mizani ndiyo iliyotunga.

Huko Ulaya, Vera Molnár, mzaliwa wa Budapest aliyeishi Paris, alianza kuchora kwa kompyuta mwaka 1968, lakini kwa miaka kadhaa kabla ya hapo alikuwa akijitungia kanuni na kuzitii kwa mkono wake mwenyewe, akiuita utaratibu huo mashine ya kufikirika. Mashine ya kweli ilipokuja ilimpunguzia uchovu. Kuamua lipi libaki na lipi litupwe kulibaki kwake. Maadamu kijana wetu kanuni ameitunga mwenyewe, na katika picha mia huziacha tisini na tisa, simwoni kuwa mvivu.

Shaka yangu i mahali pengine. Zipo siku hizi mashine zisizopewa kanuni, bali hulishwa kazi za watu kwa maelfu, zikajitafutia kanuni humo. Oktoba 2018, mnada wa Christie's wa New York uliuza picha ya Edmond de Belamy, mtu asiyepata kuzaliwa, kwa dola 432,500. Wafaransa walioitengeneza, kundi liitwalo Obvious, walitia fomula ya hisabati mahali pa sahihi, ilhali programu yao ilitegemea mno kazi ya kijana wa Marekani, Robbie Barrat, na sura ilizojifunzia mashine, takriban 15,000, zilikuwa jasho la wachoraji wa karne nyingi. Fomula haidai ijara.

Kuigana si jambo geni kwetu. Edward Saidi Tingatinga, aliyepata kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam, alifariki mwaka 1972, na hata leo wapo waishio kwa kuuiga mtindo wake. Lakini kila auzaye hulitaja jina lake, maana ndilo jina la mtindo wenyewe. Ningependa maonyesho na mashindano yetu ya sanaa yamtake kila aletaye picha ya kompyuta aandike kanuni ni ya nani na nakshi ameitwaa wapi, kabla ya kuuliza kama imependeza.

Nilimwuliza kijana yule maua ya picha zake ameyatoa wapi. Akajibu kwamba hesabu yake ameikopa kwenye mkeka huu huu tuliokalia, ambao bibi yake aliununua zamani. Na msusi wake je? Akanyamaza. Mzee aliyekuwa akibisha akainua ukingo wa mkeka akautazama upande wa chini, kana kwamba jina lingeweza kuwa limeandikwa huko.