Filamu Fupi za Siku za Kufungiwa: Funzo la Palestina kwa Wanakiswahili wa Kisumu

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa sana katika mazungumzo ya biashara, lakini ni nadra kutajwa panapozungumzwa fasihi na kumbukumbu. Ilhali, miaka kadhaa baada ya janga la Korona kutulia, ipo mali ya watu wa Kisumu na ufuo wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya ambayo bado imetawanyika katika simu za wenyewe: video na filamu fupi zilizopigwa siku za kafyu. Makala haya yanashikilia kuwa kuzikusanya kazi hizo, kuzitia manukuu ya Kiswahili na kuzisoma kama fasihi ni wajibu wa idara na vyama vya Kiswahili vyuoni, wala si jambo la kuwaachia watu wa filamu peke yao.

Palestina inafaa kuwa kioo cha kwanza. Tarehe 5 Machi 2020, hali ya hatari ilitangazwa huko baada ya wagonjwa wa kwanza wa Korona kutambuliwa mjini Bethlehemu, na punde si punde watu wakaamriwa kukaa majumbani. Baadhi ya wasanii wa filamu hawakungoja milango ifunguliwe. Walitengeneza filamu fupi humo humo walimokuwa. Jambo hilo halikuwa geni kwao. Wakazi wa Ramallah na Nablus walikuwa wameishi chini ya kafyu ya kijeshi mwaka 2002, na Gaza imezingirwa tangu mwaka 2007. Kwa jamii ya namna hiyo, filamu fupi ni utanzu unaolingana na maisha yenyewe: hauhitaji fedha nyingi wala watu wengi, na unaweza kusema jambo moja likaeleweka. Katika filamu ya Farah Nabulsi iitwayo The Present, iliyotolewa mwaka 2020 na kupata tuzo ya BAFTA mwaka 2021, baba na bintiye wanatoka kwenda kumnunulia mama zawadi; safari hiyo ya dukani inatosha kueleza maana ya kizuizi cha barabarani. Mwaka 2024, kwa uongozi wa Rashid Masharawi, wasanii wa Gaza walitoa mkusanyiko wa filamu fupi 22 uitwao From Ground Zero, zilizotengenezwa vita vikiendelea.

Hata hivyo, funzo kubwa zaidi la Palestina linahusu utunzaji wa filamu. Kitengo cha kwanza cha filamu cha Wapalestina kilianzishwa mwaka 1968 na Sulafa Jadallah, Mustafa Abu Ali na Hani Jawharieh, na baadaye kazi zake zikahifadhiwa Beirut. Jeshi la Israeli lilipoivamia Lebanoni mwaka 1982, hifadhi hiyo ilitoweka, na watafiti wamekuwa wakitafuta vipande vyake katika nchi za mbali. Jamii iliyofikwa na hasara kama hiyo inajua kwamba kupiga picha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha kuwa mjukuu ataiona.

Si haki kuyafananisha mambo mawili yasiyofanana. Kafyu ya Kenya ilikuwa ya kuzuia maradhi, na ilikwisha tarehe 20 Oktoba 2021. Mpalestina hana tarehe kama hiyo ya kuitaja. Kinacholinganishwa hapa ni swali tu: watu waliofungiwa wanaposimulia hali yao kwa picha, ni nani anayelitunza simulizi hilo, na kwa lugha gani?

Yaliyotokea ufuoni mwa ziwa yanastahili simulizi. Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na kuanzia tarehe 27 Machi kafyu ikawekwa kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwa karani wa mjini, amri hiyo ilimaanisha kuwahi nyumbani. Kwa mvuvi wa omena ilikuwa na maana nyingine kabisa, kwa kuwa omena huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, hasa mwezi usipoonekana. Saa za kafyu zilikuwa ndizo saa za kazi yake, na pia riziki ya mama anayeanika omena hao mchangani kesho yake. Katika miezi hiyo hiyo ziwa lenyewe lilifurika: mnamo Mei 2020 kina kinachopimwa Jinja kilivuka rekodi iliyodumu tangu mwaka 1964, na maji yakaingia katika fuo na makazi ya watu. Aliyeamriwa kubaki nyumbani akaikuta nyumba ina maji.

Kisha ukaja mwaka 2021. Tarehe 18 Juni, kaunti 13 za Magharibi, Nyanza na sehemu za Bonde la Ufa, Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori zikiwamo, ziliwekewa kafyu kali zaidi, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, na mazishi yakaagizwa kufanywa katika muda wa saa 72. Kwa jamii ya Waluo, ambamo marehemu husubiriwa na ndugu wa mbali, hukeshewa, na akiwa mzee wa heshima hufanyiwa tero buru, agizo hilo liligusa kiini cha utamaduni. Tayari mwaka uliotangulia, kuanzia Aprili hadi Julai, eneo la Nairobi lilikuwa limefungwa kwa wanaoingia na wanaotoka. Wapo watu waliomzika mzazi kwa kutazama kioo cha simu. Kijana wa nyumbani aliyesimama kando ya kaburi na kuinua simu ili nduguye aone alikuwa mpiga filamu, ingawa hakuna aliyemwita hivyo, na alichokipiga ni waraka ambao hakuna taarifa ya wizara itakayochukua nafasi yake.

Wako watakaopinga kuwa video za namna hiyo, pamoja na vichekesho vilivyosambaa wakati ule, si sanaa bali ni mambo ya kupitishia muda. Pingamizi hili si jipya katika vyuo vya Afrika Mashariki. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotaka Idara ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Nairobi ivunjwe na fasihi ya Kiafrika, ikiwamo fasihi simulizi, iwekwe katikati ya masomo, wapo walioona kuwa hadithi za bibi jikoni hazina hadhi ya kuingia darasani. Leo hakuna mwanafunzi wa Kiswahili anayemaliza shule ya upili bila kutahiniwa fasihi simulizi. Utani, vichekesho, maigizo na mbolezi ni tanzu zinazofunzwa kila muhula. Ni ajabu basi kwamba utani huo huo ukitambwa mbele ya simu badala ya kutambwa kizingitini, unaonekana umepoteza hadhi.

Aidha, wakati ule wa janga wenyewe umethibitisha nguvu ya utanzu huu. Elsa Majimbo, Mkenya aliyekuwa bado kijana mdogo, alijirekodi kwa simu akila vibanzi na kuvaa miwani midogo meusi, akitania upweke wa kufungiwa. Kabla ya mwaka 2020 kwisha alikuwa ametunukiwa katika tuzo za People's Choice za Marekani. Mwaka huo huo, mkusanyiko wa filamu fupi 17 za karantini uitwao Homemade ulizinduliwa na Netflix, na miongoni mwa waongozaji wake alikuwamo Rungano Nyoni, mzaliwa wa Zambia. Majimbo alitania kwa Kiingereza, na lugha hiyo ilimvusha mipaka haraka. Asilaumiwe kwa hilo. Lakini mama wa Dunga aliyetania kwa Dholuo, na kijana wa Kondele aliyechanganya Dholuo na Kiswahili, hawakuwa na chombo cha kuwavusha hata kufika Nakuru, seuze ng'ambo.

Hapa ndipo penye kazi ya mwanakiswahili. Manukuu, yaani maneno yanayoandikwa chini ya picha, ni tafsiri, na tafsiri ni somo linalofundishwa katika idara zote za Kiswahili. Kwa desturi, filamu za Kenya zinazotumia lugha za kienyeji hutiwa manukuu ya Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha ya matamasha na wafadhili. Matokeo yake ni kwamba Mluo humfikia Mdachi kabla ya kumfikia Msukuma anayevua ziwa lilo hilo. Ilhali lugha inayowakutanisha wavuvi wa Kenya, Tanzania na Uganda katika fuo na visiwa, tangu Muhuru hadi Migingo, ni Kiswahili. Filamu ya dakika nne kutoka Usenge yenye manukuu ya Kiswahili inaweza kutazamwa Mwanza na Bukoba bila mkalimani. Umma wenyewe umekwisha kulithibitisha hilo: vibanda vya video vya Kenya vimejaa kwa miaka mingi watu wanaotaka kumsikia DJ Afro akizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani, na Tanzania ilikuwa na Lufufu. Watu hao hawakungoja kamati ya chuo.

Tena, kazi hii si ya kubadilisha neno kwa neno. Mathalani, mzee akisema tero buru, manukuu yaseme nini? Tafsiri sisisi ni kupeleka vumbi, na mtazamaji wa Tanga hataelewa. Kufukuza mauti kunakaribia maana, lakini kunapoteza ng'ombe, ngoma na mbio za waombolezaji. Kuliacha neno lilivyo kunamheshimu msemaji, lakini kunamwacha mtazamaji gizani, naye ana sekunde chache tu za kusoma kabla picha haijapita. Mwanafunzi anayelitatua swali hili hujifunza nadharia ya tafsiri kwa namna ambayo mihadhara mingi haiwezi kumfunza. Wala asitokee wa kudai kuwa Kiswahili kitaimeza Dholuo. Katika manukuu, Dholuo hubaki sikioni na Kiswahili hukaa chini yake kikiitumikia.

Ugumu haukosekani. Nyingi ya kazi hizi ziliwekwa mahali pasipodumu. Video ya hali ya WhatsApp hutoweka baada ya saa 24, na simu huibwa, huzama na huuzwa. Sheria nayo huwatia watu hofu: mnamo Mei 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilitangaza kuwa hata video za kuwekwa mtandaoni zinahitaji leseni, kwa mujibu wa sheria iliyotungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati ambapo hakuna aliyewaza kamera ya mfukoni. Lililo zito kuliko yote ni suala la ridhaa. Uso wa mfiwa si mali ya chama cha wanafunzi, na ipo mikanda ambayo wenyewe watakataa kuitoa. Kukataa kwao kuheshimiwe.

Yote hayo hayazuii kuanza. Mwanafunzi anayekwenda likizo Bondo, Mbita au Nyalenda anaweza kuwaomba jamaa na majirani video walizopiga kati ya Machi 2020 na Oktoba 2021, akaandika ni nani aliyepiga, wapi, lini, kwa lugha gani na kwa ridhaa ya nani. Chama kinaweza kuzipanga, madarasa ya tafsiri yakazitia manukuu, na nakala zikawekwa katika maktaba ya chuo badala ya kuachwa katika tarakilishi ya mwenyekiti, ambaye huhitimu na kuondoka nayo. Katika wiki ya Kiswahili, badala ya mashairi ya kusifu lugha peke yake, jioni moja itengwe kwa kuzitazama pamoja na walioziigiza na waliozipiga.

Kizazi kinachoingia vyuoni sasa kilikuwa shuleni wakati shule zote zilipofungwa. Kitakachofuata hakitakuwa na kumbukumbu yoyote ya siku hizo ila ile kitakayopewa. Kikiuliza jinsi watu wa ziwa walivyoishi, walivyocheka na walivyozikana milango ilipofungwa, kitajibiwa kwa takwimu za wagonjwa na hotuba za viongozi, au kwa sauti za watu wenyewe. Sauti hizo zingali zipo leo katika simu zilizopasuka vioo. Ajuaye daftari linavyoandikwa ndiye mwenye deni la kuliandika.