Fundi Akifa, Ngalawa Haizami: Nani Mmiliki wa Gemu Uliyoinunua?

Desemba 2014 kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilitoa gemu ya mbio za magari iitwayo The Crew. Watu wakalipa, wakacheza. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ikazima seva zake. Kwa kuwa gemu hiyo haikuwaka bila kuunganishwa na seva, hata aliyetaka kuendesha gari peke yake, bila kushindana na mtu, hakuweza tena. Siku chache baadaye wanunuzi wakaanza kukuta leseni zao zimeondolewa kwenye akaunti. Wenye diski walibaki na diski zao, ila kazi yake sasa ni kujitazamia tu kama kioo.

Ndugu msomaji, huenda ukaliona jambo hili kuwa la mbali na la kitoto. Mama wa Chwaka anayeshuka kwenye mwani maji yakipwa, au kijana anayengoja mnada wa samaki, atauliza gemu zina uzito gani hata ziandikiwe makala. Uzito wake umo katika neno moja tunalolitumia kila siku: kuuza. Tangu zamani anayeuza hukabidhi. Akishapokea fedha yake, kitu si chake tena, na mnunuzi ana hiari ya kukitumia, kukiazima, kukiuza au kumwachia mwanawe. Maana hiyo sasa inageuzwa kimyakimya, na wa kwanza kuonja mabadiliko hayo ni vijana wetu.

Maisha ya mtumba

Tusisahau jinsi vitu vinavyotufikia. Friji, televisheni, baskeli na injini za boti tunazotumia, nyingi zimeshatumiwa na watu wengine kabla ya kushushwa bandarini Malindi. Mashine za gemu nazo zilikuja kwa njia hiyohiyo. PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani Machi 2000, na Sony ikaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013 baada ya kuuza zaidi ya mashine milioni 150 duniani. Kwa watu wetu wengi ilifika ikiwa imeshachezewa na mwingine.

Juu ya mtumba huo vikasimama vibanda vya gemu, mjini na mashamba. Mtaji wake si mkubwa: televisheni, mashine moja au mbili, pedi zilizokarabatiwa mara kadhaa, na watoto wanaolipa kwa mechi. Mwenye kibanda anapata chochote cha kupeleka nyumbani. Kijana mwenye diski yake akiichoka huibadilisha na mwenziwe, au huiuza na kuongezea kidogo anunue nyingine. Kwa njia hii asiye na uwezo anapata nafasi ya kucheza, na aliyenunua mpya kwa bei kubwa anajua kwamba sehemu ya fedha yake itarudi.

Kampuni kubwa hazijaufurahia utaratibu huu. Mwaka 2013 Microsoft, ikijiandaa kuuza Xbox One, ilitangaza kwamba mashine hiyo ingepaswa kuunganishwa na mtandao walau mara moja kila saa 24, na kwamba kuuza au kuazimana gemu zilizotumika kungewekewa masharti. Wachezaji wakapiga kelele duniani kote, na tarehe 19 Juni mwaka huohuo kampuni ikayafuta masharti hayo.

Lakini aliyefukuzwa mlangoni alirudi kwa dirishani. Mwaka 2020 zilitoka mashine zisizo na mahali pa kutia diski kabisa, Xbox Series S na toleo moja la PlayStation 5. Hakuna aliyepiga marufuku mtumba. Kimeondolewa tu kitu cha kuuza. Gemu inakaa ndani ya akaunti, na masharti ya akaunti hayakuruhusu kuiuza wala kumwachia mtu. Kwa mwenye kibanda wa Chwaka maana yake ni nyepesi kueleweka: mashine za zamani zikimalizika, hatakuwa na diski za kurithi.

Akaunti yenye anwani ya Muscat

Kwetu kuna tatizo jingine juu ya hilo. Hadi mwaka 2024, katika Afrika yote kusini mwa Sahara, nchi iliyokuwamo kwenye orodha ya huduma ya mtandao ya PlayStation ilikuwa Afrika Kusini. Tanzania haikuwamo. Kijana wa Unguja anayetaka kununua hujiandikisha kana kwamba anaishi Marekani au Uingereza, au hutumia anwani ya mjomba aliyeko Muscat, kwa sababu Oman imo. Kila shilingi anayoilipa imejengwa juu ya anwani isiyo yake, na siku kampuni ikitaka kumfungia, sababu ameshaiandika yeye mwenyewe.

Mwezi Mei 2024 hatari hiyo ilionekana wazi. Wachezaji wa gemu ya Helldivers 2 kwenye kompyuta waliambiwa ni lazima sasa wawe na akaunti ya Sony. Gemu ilikuwa imeshauzwa katika nchi nyingi ambazo huduma hiyo haipo, na ghafla ikaondolewa dukani katika nchi zaidi ya 170. Baada ya malalamiko makubwa Sony iliacha sharti hilo ndani ya siku chache. Kwa hiyo kulalamika kunasaidia, ingawa inatia shaka mali ambayo usalama wake hutegemea wingi wa wanaolalamika.

Mpira tunaoucheza sebuleni

Chukua gemu za mpira, ambazo ndizo roho ya vibanda vyetu. Konami, iliyotengeneza Pro Evolution Soccer kwa miaka mingi, iliibadilisha mwaka 2021 kuwa eFootball. Gemu yenyewe ni ya bure, lakini inaishi mtandaoni, na fedha hulipwa kwa sarafu za humo za kupatia wachezaji. Siku seva ikizimwa, timu uliyoijenga kwa miaka itazimwa nayo. Kampuni ya EA nayo iliachana na FIFA baada ya FIFA 23 iliyotoka mwaka 2022. Septemba 2023 gemu zake za zamani zenye jina la FIFA ziliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Aliyekwisha kuzinunua hakunyang'anywa, lakini mtu mpya anayezitaka hana pa kuzinunua ila kwa mwenye diski. Diski ya mtumba iliyodharauliwa ndiyo iliyobaki kuwa mlango.

Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, ilichapisha utafiti uliokuta kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa nchini humo hazipatikani tena madukani. Sisi Wazanzibari tunapaswa kuielewa hasara hiyo. Siti binti Saad alirekodi santuri zake Bombay mwaka 1928. Leo sauti yake inasikika kwa sababu santuri ziliuzwa, zikaingia majumbani, zikatunzwa na watu na maktaba. Kama zingekuwa za kusikilizwa kwa ruhusa ya kampuni tu, zingenyamaza siku kampuni ilipoona hazina faida.

Karakana zinapofungwa

Studio za gemu ni kama karakana za mafundi, na siku hizi zinafungwa nyingi. Mei 2024 Microsoft ilitangaza kuzifunga kadhaa, zikiwamo Arkane Austin ya Marekani na Tango Gameworks ya Tokyo, ambayo mwaka mmoja tu kabla ilikuwa imesifiwa kwa gemu yake ya Hi-Fi Rush. Tango iliokolewa na kampuni ya Krafton ya Korea Kusini. Arkane Austin haikuokolewa. Mwaka huohuo Sony ilitoa gemu ya Concord tarehe 23 Agosti na kuizima tarehe 6 Septemba, wiki mbili tu. Wanunuzi walirudishiwa fedha, na hilo ni la haki. Oktoba studio iliyoitengeneza ikafungwa.

Biashara hufa, na mafundi wakipoteza kazi tunawahurumia. Lakini katika ghuba ya Chwaka zimo ngalawa ambazo mafundi waliozichonga wameshazikwa. Hazikuzama siku ya mazishi. Mwenye ngalawa akivujiwa humwita fundi mwingine akaiziba, naye akitaka kuacha bahari huiuza. Kitu kilichouzwa kwa haki kinapaswa kuishi kuliko aliyekiuza. Gemu nyingi za leo zinatengenezwa zikiwa na kamba iliyofungwa mkononi mwa fundi, na anapoondoka huondoka nazo.

Sheria zimefika wapi

Huko Ulaya mahakama zimevutana. Julai 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba aliyenunua programu ya kompyuta kwa kuipakua anaweza kuiuza tena. Desemba 2019 mahakama hiyohiyo ikasema vitabu vya kielektroniki havina ruhusa hiyo. Nchini Ufaransa chama cha watetezi wa walaji, UFC-Que Choisir, kilishinda mjini Paris mwaka 2019 dhidi ya Valve, kampuni yenye duka la gemu la Steam. Rufaa ikageuza hukumu, na Oktoba 2024 mahakama ya juu ikakubaliana na rufaa. Kwa sasa, huko, gemu uliyoipakua huwezi kuiuza.

California ilichukua njia nyingine. Tangu tarehe 1 Januari 2025 sheria yake inamkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anapata leseni tu. Ulaya nako wananchi zaidi ya milioni moja wametia saini ombi la kutaka kampuni zinapoacha kuhudumia gemu ziiache katika hali ya kuweza kuchezwa.

Kampuni zina hoja zake, na tuzisikilize. Seva hugharimu fedha kila mwezi. Mtumba hauleti senti kwa mtengenezaji. Tena diski nyingi zilizozungushwa vibandani zilikuwa za kunakili, na kwa hilo tusitafute visingizio: aliyenakili kazi ya mtu na kuiuza amemwibia. Amri ya usiibe, hata hivyo, haina upande. Inamhusu mwenye kibanda anayenakili, na inamhusu tajiri anayepokea bei ya kuuza kisha akajifanya amekodisha. Hakuna anayedai seva ziwashwe milele. Kinachodaiwa ni kwamba kabla ya kuzizima, mteja aachiwe nakala inayowaka bila seva.

Tuite kila kitu kwa jina lake

Zanzibar haihitaji kufundishwa na mtu kwamba haki juu ya kitu zina viwango. Kwetu mtu anaweza kumiliki mnazi uliosimama katika ardhi isiyo yake. Waliogawiwa eka tatu baada ya Mapinduzi walijua wamepewa kulima na kutumia, bila ruhusa ya kuuza. Tunakodisha mavuno ya mkarafuu na kuweka rehani. Mipango yote hiyo ni halali kwa sababu kila upande unajua jina lake. Anayekodisha hasemi ameuza. Tukilifuata hilo, hukumu juu ya gemu ni nyepesi: kukodisha si dhambi; dhambi ni kutoza bei ya mauzo kwa kitu cha kukodi.

Basi tufanye yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mzazi anayeombwa fedha, na kijana anayeomba, waulize maswali matatu kabla ya kulipa. Je, gemu hii itawaka bila mtandao? Je, naweza kumpa au kumuuzia mwingine? Je, duka likifungwa, nitabaki na nini mkononi? Majibu yakiwa hapana, hapana na hakuna, ujue unakodi, ulipe bei ya kukodi.

Serikali ya Mapinduzi haiwezi kuilazimisha Sony, lakini ina mamlaka juu ya maduka yake. Mwenye duka anayeuza mjini kadi za kujazia akaunti, au mashine isiyopokea diski, anaweza kutakiwa kumwandikia mteja kwa Kiswahili chepesi kile anachokipata na kile asichokipata. Tume ya kusimamia ushindani halali na Baraza la Wawakilishi wanaweza kulianzisha hilo bila kungoja Ulaya imalize kesi zake.

Na vijana wetu wanaojifunza kutengeneza programu, ambao siku moja watauza gemu za kwao, waanze na desturi njema: wamkabidhi mnunuzi kitu kinachoweza kusimama bila wao. Hivyo ndivyo mafundi wa ngalawa walivyofanya siku zote, na wateja wao hawajawahi kuwadai zaidi ya hapo.