Mkono Wako Ukufundishe Mishipa ya Uso



Jozi 12 za mishipa ya fahamu hutoka katika ubongo. Wanafunzi wa uuguzi hutunga sentensi ya Kifaransa ili kuzikumbuka: kila neno laanza kwa herufi ya jina la mshipa mmoja. Desturi hiyo inafaa siku ya mtihani, lakini naona haitoshi. Herufi haionyeshi mshipa uko wapi, wala kazi yake. Tena mama wa Shinkolobwe asiyejua Kifaransa atasaidiwaje?

Iko njia nyingine. Weka mkono wako wa kuume juu ya shavu la kuume. Mwanzo wa kiganja uwe chini ya sikio, na kidole gumba kielekee juu. Sasa tandaza vidole. Mshipa wa saba hutokea karibu na sikio, ukagawanyika matawi 5 kama vidole hivyo. Tawi la kwanza, la kidole gumba, huinua nyusi. La pili hufumba jicho. La tatu husogeza shavu na mdomo wa juu. La nne hushusha mdomo wa chini. La tano hukaza ngozi ya shingo.

Kwa nini ujue haya, wewe usiye mwuguzi? Kwa sababu ya ukoma. Ugonjwa huu haujaisha katika Kongo, nao hushambulia mishipa ya fahamu. Tawi la pili likiharibika, jicho halifumbi. Vumbi la kiangazi huingia, jicho hukauka, kidonda hutokea, na mwisho wake ni upofu. Mshipa wa tano, ambao kazi yake mojawapo ni kuhisi, ukiharibika pia, mgonjwa hasikii hata maumivu ya kumwonya.

Basi, katika nyumba yako akiwapo mtu mwenye baka lisilohisi, mwambie: "Inua nyusi. Fumba macho polepole kama unayelala. Onyesha meno." Jicho likibaki wazi, hata kidogo, mpeleke kwa munganga. Dawa za ukoma hutolewa bure duniani pote tangu 1995. Mshipa uliodhoofika kwa muda usiopita miezi 6 waweza kupata nguvu tena kwa dawa. Ukichelewa, huenda usirudi.

Lakini uso ukipinda ghafula, au mkono ukilegea, au maneno yakivurugika, usipoteze wakati kwa kupima. Nenda hospitali saa ile ile.

Wengine watasema majina ni ya lazima. Ni kweli kwa mwuguzi, maana huyaandika katika barua kwa munganga. Ayajue, lakini mkono utangulie. Herufi husahauliwa baada ya mtihani. Mkono huenda nawe shambani na sokoni. Jioni hii, wafundishe watoto wako.